Kubali Yaishe

Tudor, Jumapili jioni

Karisa mwanangu,

Umekwenda Kibokoni kumuaga Swaleh, nami nimepata meza na utulivu. Barua hii nitaitia ndani ya begi lako, chini ya ile shuka ya bluu uliyosema huihitaji na ambayo utaibeba. Usiisome hapa nyumbani. Isome basi likishapita Mariakani, mahali ambapo huwezi kushuka ukarudi kunibembeleza.

Mambo ya blanketi, dawa ya malaria, maji ya kuchemsha na marafiki wabaya nimeyasema wiki nzima, mpaka dada yako Kadzo akanicheka kwenye simu. Sitayarudia. Umri wako si wa kufundishwa kuvaa soksi. Nataka kukueleza kwa nini unaondoka. Unadhani unajua, na kweli unajua nusu. Nusu iliyobaki ninayo mimi, nami nimeikalia kama kuku anayeatamia yai viza.

Nianze na kazi yangu. Ulipokuwa mdogo uliwaambia wenzako kwamba mamako ndiye anayeandika watu kazi katika kampuni kubwa ya kutoa mizigo bandarini. Nikakusikia kutoka jikoni, nikaona raha, sikukusahihisha. Mimi siandiki mtu kazi, Karisa. Wanaoandika watu kazi wamekaa ghorofa ya juu, wana kiyoyozi. Mimi niko chini, na kazi yangu ni kutoa watu. Maombi yakija mengi, bosi hataki kuyaona yote. Napekua. Cheti cha tabia njema kutoka polisi, kina doa au hakina? Taarifa ya mikopo kutoka hizo ofisi tunazoziita CRB, mtu analipa madeni yake au ameorodheshwa? Mwenye doa faili lake naliweka kando. Simwandikii. Akipiga simu namwambia, "Tutakupigia." Baadaye nikaacha hata kusema hivyo. Niliiacha simu ya mezani ilie mpaka ichoke.

Sikuwa mtu mbaya. Nakuandikia hili si kwa kujitetea, ila ujue kwamba watu wa namna hii hawana pembe. Nilikuwa na mwavuli, na kikombe changu cha chai kilichoandikwa jina, na picha yako ya darasa la nane kwenye meza.

Kulikuwa na msichana wa Kibokoni, Mwanasha, aliomba kazi ya kukaa kwenye kaunta ya malipo. Alikuwa na alama nzuri na mwandiko wa kupendeza. Taarifa yake ikaja na mkopo wa simu ambao haukulipwa, mkopo mdogo ambao hata kuutaja mtu haoni haya. Akaja mwenyewe hadi mlangoni, kajitanda buibui lake vizuri, kaniamkia "Shikamoo mama", akasimama.

"Mama, nimeambiwa jina langu halimo. Sikuja kugombana. Nataka nijue sababu tu, kama ni kitu cha kurekebisha nikarekebishe."

Nilijua sababu. Ilikuwa mbele yangu, chini ya kikombe. Angeweza kulipa siku ileile na kurudi na karatasi safi kabla ofisi haijafungwa. Nikamwambia, "Utapigiwa simu, mwanangu." Nilimwita mwanangu. Akashukuru akaondoka.

Na usidhani hatukuijua sheria. Kampuni ilimleta wakili kutufundisha, binti mdogo mwenye miwani, akatukalisha asubuhi nzima. Akasema: kabla hujachimba habari za mtu, mwombe ruhusa, na umwambie unatafuta nini. Tafuta kinachohusu kazi anayoiomba, usitafute maisha yake yote. Ukikuta jambo baya, mwonyeshe, mpe nafasi ajibu kabla hujamkataa, maana huenda kumbukumbu zimekosea, au ana maelezo. Na ulichokipata ni amana, hukipeleki kwa mwingine. Nilinyoosha mkono nikauliza, "Na mtu mwenye faini ya rabsha, anaomba kazi ya kuhesabu makontena?" Akajibu, "Muulize yeye, mama. Msikilize." Nikaliandika jibu hilo. Chakula cha mchana kilikuwa biriani. Alipokwisha kuondoka bosi akasema, "Haya, tumemsikia wakili, turudi kazini." Tulichobadilisha ni kuongeza mistari miwili ya herufi ndogo chini ya fomu, kwamba mwombaji amekubali kuchunguzwa. Mistari hiyo niliipiga chapa mimi. Wote walitia sahihi, maana mwenye njaa hasomi herufi ndogo.

Lakini lile la amana ndilo tulilolivunja zaidi, na hapa ndipo habari yako inapoanza. Sisi makarani wa kampuni za bandarini tunajuana. Tumekutana kwenye harusi na kwenye matanga, tuna chama chetu cha kuchangiana. Na tuna desturi yetu ambayo haikuandikwa popote: mmoja akigundua doa la mtu, huwapigia wenzake. "Kuna kijana atakuja kwenu, ana barua nzuri, lakini angalia hapa na hapa." Tulikuwa tunasaidiana. Tuliona ni ujirani mwema, kama kumwambia jirani mvua inakuja aanue nguo. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha wa kweli huingia nayo kaburini. Sisi tuliimwaga kwenye simu, kisha tukaulizana habari za watoto.

Sasa turudi kwenye ile Alhamisi.

Unaikumbuka kuliko mimi, lakini acha niieleze nilivyoiona. Ulikuwa umebakisha muhula mmoja chuoni. Ulikuwa umeketi barazani kwa kina Swaleh na kahawa yako, kama ulivyofanya jioni zote, na vijana wa vichochoro viwili wakaanza kurushiana mawe. Polisi walipofika, waliorusha mawe walikuwa wamekwishapotea. Wakachukua waliokuwa wamekaa. Nilipigiwa simu nikiwa napima kitambaa cha meza, kwa kuwa Jumamosi ile wakwe wa Kadzo walikuwa wanakuja na mahari. Wazee walikuwa wamealikwa, mbuzi amefungwa nyuma ya jiko la jirani, na baba yako marehemu hayupo, kwa hiyo wewe ndiwe mwanamume wa nyumba.

Ijumaa asubuhi nikakukuta kwenye ujia wa mahakama, shati limechafuka, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mama, mimi sikupigana."

"Najua."

"Nilikuwa nakunywa kahawa. Swaleh pia. Muulize mtu yeyote."

"Najua, baba. Kubali yaishe."

"Nikubali nini?"

"Wanachosema. Ni rabsha tu, ni faini. Nitalipa sasa hivi, twende nyumbani ukaoge. Ukikataa watakuweka rumande, na kesho nitawaambia nini wageni?"

Ulinitazama kama unavyomtazama mtu aliyevaa kiatu kinyume na hajui. Ukaniuliza, "Hii haitanifuata?" Swali zuri. Uliniuliza mimi, mtu ambaye kila siku huweka kando mafaili ya watu waliofuatwa. Nami nikajibu, "Kitu kidogo hiki, nani atakikumbuka?"

Nimelala na jibu hilo miaka yote hii. Nimejiuliza kama nilikudanganya, au nilijidanganya, au sikufikiri kabisa. Nadhani nilijua. Mahali fulani nyuma ya kichwa nilijua, lakini aibu ya Jumamosi ilikuwa karibu na njaa yako ya baadaye ilikuwa mbali, na mimi huogopa kilicho karibu. Hakimu aliposoma shtaka ulinitafuta kwa macho, nikakuitikia kwa kichwa. Ukasema, "Ni kweli." Karani wa mahakama akaandika, na sauti yako ikawa karatasi.

Mamake Swaleh, Bi Zuhura, alikuwa amesimama karibu yangu. Nilimnong'oneza afanye kama mimi. Akaniambia, "Mama Kadzo, wangu hakutenda. Nimwambie aseme katenda? Mbele ya Mungu ntasema nini?" Swaleh akakana. Wakamrudisha rumande, akakaa huko wiki baada ya wiki, na mimi nilimhurumia sana yule mama. Nilimpelekea mahamri. Nilirudi nyumbani nikisema ni mkaidi, kamponza mtoto. Mwishowe mashahidi hawakuja, kesi ikaondolewa, Swaleh akatoka amekonda kama ufito. Leo Swaleh anafanya kazi bandarini, na cheti chake ni cheupe. Wewe uliyelala kitandani kwako Ijumaa ile ndiye unayeondoka kesho.

Jumamosi ulipendeza. Hilo nalo nataka kulisema. Shati jeupe, ukawapokea wazee kwa adabu, ukagawa soda, ukajibu salamu za wazee wao mmoja baada ya mwingine bila kuchoka. Wakwe wakasema mama huyu amelea. Nikafurahi moyoni kupita kiasi. Kadzo mpaka leo hajui harusi yake ilinunuliwa kwa kitu gani, nawe hukumwambia, na sijawahi kukushukuru kwa hilo.

Kisha ukamaliza chuo, ukaanza kuomba kazi. Tulikwenda pamoja kupigwa alama za vidole, ukafanya mzaha kwamba vidole vyangu vimechujuka kwa sabuni. Cheti kiliporudi na mstari ule wa rabsha, ulikaa nacho chumbani, ukatoka ukasema, "Basi nitaeleza nikiulizwa." Ulikuwa na imani na watu. Ulijifunza hata maneno ya kusema, nikakusikia ukiyarudia bafuni: nilikuwa barazani, sikupigana, nilikubali ili kumaliza. Yalikuwa maneno mazuri na ya kweli. Mwanangu, hakuna aliyekuuliza.

Hii sasa ndiyo nusu usiyoijua.

Kuna kampuni moja ulifanya nayo mahojiano ukarudi unapiga mluzi. Walikupeleka mpaka ghorofani, wakakuonyesha meza. Ulinunua rangi ya viatu. Ulikaa hapa sebuleni na simu yako kwenye mkono wa kiti, ukaniambia, "Mama, leo au kesho." Nikaenda kazini nikiwa na furaha kama yako. Mchana simu ya mezani ikalia, nikapokea kwa sababu niliiona nambari. Alikuwa Rhoda, karani wa kampuni hiyohiyo, rafiki yangu wa chama, mtu wa bara, mchangamfu.

"Mama Kadzo, habari ya huko. Nakuwekea akiba kidogo. Kuna kijana atakuja kwenu, Karisa Charo. Anaongea vizuri sana, ana vyeti vizuri, hata mkubwa wetu alimpenda. Lakini ana kesi ya korti. Sisi tumemwacha. Asikubabaishe."

Rhoda hakujua. Mimi kwao ni Mama Kadzo, na wewe unatumia jina la baba yako, na nani angetuunganisha? Nilikuwa na nafasi. Ningesema, "Rhoda, huyo ni mwanangu, na kosa hilo ni langu." Ningesema, "Mmemuuliza? Mmemsikiliza?" Nilikuwa na maneno yote ya yule wakili kichwani. Nilikuwa nimeyaandika.

Nikasema, "Asante, Rhoda."

Kwa mazoea tu, kama mtu anavyojibu salamu. Tena nikamuuliza habari za mjukuu wake. Nikaweka simu chini, nikanywa chai. Jioni nilikukuta umekaa palepale, viatu vinang'aa, ukaniuliza kama mtandao una shida siku hizi. Nikakwambia labda. Ukangoja wiki ile na iliyofuata. Mimi nikapika viazi karai, kila siku, kwa kuwa unavipenda, na wewe ukadhani nimepata nyongeza ya mshahara.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Niliusema msemo huu mara nyingi juu ya watu wengine.

Baada ya hapo kila ulikokwenda habari zilikutangulia, na nilijua zinapitia wapi, kwa sababu waya ule niliusuka mimi na wenzangu. Nilipata ujasiri mara moja. Nilichukua ruhusa nikamtafuta yule wakili wa miwani, nikamweleza, bila kumficha. Alinisikiliza kuliko nilivyowahi kumsikiliza mtu. Akasema mtu aliyekiri mwenyewe mahakamani hana rufaa ya maana, anaweza kulalamikia ukubwa wa adhabu tu, na faini yenyewe ilikuwa ndogo. Kujaribu njia nyingine ya mahakama kuu kungehitaji miaka na matumaini, na hakutaka kuniuzia matumaini. Kuhusu zile simu akasema sheria iko upande wetu kabisa, tungeweza kulalamika.

"Shahidi wako nani, mama?"

"Mimi."

"Utakubali kuandika?"

Nikamwambia nitafikiri. Karisa, sikuandika. Nilijiambia kwamba nikifukuzwa tutakula nini, na huo ni ukweli. Nilijiambia kwamba Rhoda atakana na simu haziachi alama, na huo nao ni ukweli. Na nilijiambia kwamba hata tukishinda, kampuni itaomba cheti chako kwa adabu, itakuuliza ruhusa kwa adabu, itakusikiliza kwa adabu, kisha itamchukua mwingine. Sheria inamlazimisha mtu akuulize; kukuajiri haimlazimishi. Yote hayo ni kweli, nami niliyatumia kama mtu anavyotumia mto kufunika masikio.

Sina la kukufundisha baada ya haya. Ninalo moja tu, nalo si la kujigamba. Siku mtu anayekupenda atakapokuambia useme ulitenda usichokitenda, ili mambo yaishe, mkatalie. Hasa kama ni mama yako. Mambo hayaishi. Yanahamia kwa mtu mwingine, au yanahamia mwaka mwingine. Bi Zuhura hakwenda shule hata ya vidudu, na sisemi hivyo kumsifu, yeye mwenyewe alikonda siku zile hadi nikadhani atakufa. Nasema alilipa siku ileile, na mimi nilikopa, ukalipishwa wewe.

Huko unakokwenda sikutaki, na nimekwambia. Nimeuliza watu habari za mashimo hayo ya dhahabu. Nimeambiwa magogo yanayozuia udongo huoza, na mvua ikinyesha hakuna anayewapandisha watu mapema. Uliposema umepata kazi nilikuuliza maswali yote ya ofisini: mkataba uko wapi, mwajiri ni nani, bima ipo? Ukacheka. Ulikuwa hujacheka muda mrefu. Ukasema, "Mama, yule bwana anayetuandika hana mambo hayo. Anataka mikono tu."

Nilikwenda kumwona, hilo pia hulijui. Nilimkuta Kibarani, pale kando ya lile lililokuwa jaa, ameegemea gari lake, vijana wamemzunguka. Alikuwa mtu mpole. Alinipa kiti cha plastiki.

"Vyeti vyake hutaki kuviona?" nikamuuliza.

"Vya nini, mama? Shimo haliulizi cheti."

"Una habari kwamba alipelekwa kortini?"

Nilisema hivyo kwa makusudi. Ndiyo. Mara moja katika maisha yangu nilitaka doa lako likufae, likuzuie. Nilitaka akuweke kando. Yule bwana akatabasamu akasema, "Hao ndio wanaofanya kazi vizuri, mama. Hawana pa kurudi."

Nilitembea mpaka darajani ndipo nikaweza kupanda tuktuk. Nilikuwa nimekuja na neno lililokufungia milango yote ya mji huu, na kwake yeye lilikuwa sifa.

Sasa nasikia mlango wa chini, labda ni wewe, labda ni jirani. Nimalize. Ulinieleza juzi, kwa mzaha, kwamba yule bwana alikuuliza jambo moja tu kabla ya kukuandika. Hakuuliza umesoma wapi, hana haja na polisi wala mikopo. Aliuliza jina na nambari ya mtu wa kupigiwa, likitokea lolote. Ukampa yangu. Ukaniambia ili uone sura yangu, nami nikageuka kuosha sahani ambayo ilikuwa safi.

Basi nambari hiyo sitaibadilisha. Simu itakuwa na chaji, nitaenda nayo kazini, jikoni na kanisani. Wewe ukipiga, hata kama huna la kusema, nitapokea kabla haijalia mara ya pili. Lakini nambari nisiyoijua kutoka huko ikianza kulia, mwanangu, nitafanya nilichowafanyia wana wa watu. Nitaitazama, nitaiacha ilie.

Mamako